Emilia Luka Ndahani, Mhudumu wa Wazee wa Kikuyu

Wachungaji, majirani wa mtaa wetu wa Kikuyu, ndugu mliotoka Handali, nanyi wazee wa Makao ya Mwangaza mliobebwa kuja hapa, familia imemtuma Geofrey, mdogo wa marehemu, ndiye mimi, awasomee maisha ya dada yake, na kwa kuwa marehemu mwenyewe aliagiza yasipakwe mafuta, hayatapakwa.

Emilia alizaliwa tarehe 9 Machi 1962 kijijini Handali, mtoto wa pili wa mzee Luka Ndahani na mama Evodia, akamaliza darasa la saba hapo hapo mwaka 1977, akafaulu vizuri, lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache na yake haikuwemo, akarudi kulima uwele na kumuuguza bibi yetu aliyepooza, na hapo ndipo mikono yake ilipojifunza kazi, kabla ya mtu yeyote kumlipa.

Tarehe 3 Juni 1985 aliajiriwa Makao ya Mwangaza, hapa Kikuyu, kufua mashuka, haukupita muda akaonekana anafaa kuogesha, kulisha na kugeuza wagonjwa wa kitandani, hadi wodi ya wanaume ikawa mikononi mwake bila barua ya cheo. Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na Sostenes, fundi umeme wa Mtera, wakajaliwa Nathanaeli na Paulina, na Sostenes alipotangulia mwaka 2004 hakuolewa tena, aliyemwuliza alijibiwa kwamba wanaume wa kuogesha anao tayari.

Mwaka 2017 ikatangazwa nafasi ya msimamizi wa wodi hiyo hiyo ya wanaume, anayetakiwa awe na stashahada ya uuguzi na leseni, Emilia akaomba hivyo hivyo, akavaa kitenge chake cha Krismasi, akaingia kwenye usaili na kutoka kabla kiti hakijapata joto, maana walimwuliza vyeti na hawakuuliza jingine. Geofrey alipanda moto, akaenda ofisini kugomba hadi mlinzi akaitwa, na hilo nalo lisemwe. Nafasi alipewa Erica, binti msomi kutoka Kondoa, Emilia akahamishiwa wodi ya wanawake, na kila asubuhi binti akimwamkia shikamoo aliitikia marahaba kwa mdomo, moyo ukiwa mbali.

Wodi ya wanaume alikuwemo mzee Petro, asiyeweza kugeuka mwenyewe, ambaye aliposikia jina la mume wa Erica alitambua kuwa ni mtoto wa mdogo wake, basi huyu binti ni mkwe wake, na Mgogo wa rika lile yuko radhi kufa kuliko kuvuliwa nguo na mkwe. Hakuweza kumtamkia mwenyewe, akamwomba Emilia, aliyekuwa bado akipita kumsalimia, amfikishie. Emilia akasema sawa, na hakufikisha, alitaka wodi imshinde yule binti ili uongozi uone. Mzee akawa anajifunika blanketi hadi kidevuni, anadai ameshaoga, anafukuza watu, Erica akidhani ni akili za uzee, na chini ya lile blanketi mgongo ukachubuka, ukawa kidonda. Emilia alipokiona alikitibu kimyakimya kwa asali na maji ya chumvi, kama alivyomfanyia bibi, kikazidi kwenda chini, kikaanza kunuka.

Ndipo alipomfuata Erica jikoni, mbele ya wapishi, akasema, "Mzee Petro ni mkweo, alinituma nikwambie, nikanyamaza ili uonekane hujui kazi. Sasa anaoza, na dawa yake mimi siijui."

Erica akasema, "Mimi naijua, mama, ila kumgusa siwezi. Twende."

Likatundikwa shuka kama pazia, Erica nyuma yake, Emilia kando ya kitanda, binti anauliza rangi na kina, anaelekeza nini kiondolewe na nini kiachwe, mikono ya Emilia inatenda, siku hiyo na siku zote zilizofuata, na mzee Petro, aliyekuwa akifukuza watu, akauliza, "Huyo anayesema huko nyuma, mmempa chai?" Kidonda kilifunga kabla ya mavuno.

Baada ya hapo Erica aliubana uongozi hadi Emilia akawekwa kwenye jopo la kila usaili, akakaa humo mpaka alipostaafu mwaka 2022, wenzake wakiuliza vyeti, yeye akiuliza mtu ameolewa kwa nani na kumtaka amgeuze mgonjwa mbele yao. Hakumpitisha mwenye cheti asiyejua kugeuza, wala asiye na cheti kusimamia wodi, hata binti wa Geofrey aliyekuwa ameuguza watu miaka mingi Kibaigwa, na Geofrey alipokuja juu alimjibu, "Mikono hii hii unayoisifu ilikaribia kuua mtu."

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2024, Erica akawa anakuja nyumbani kumwogesha, na Emilia akafariki Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akiacha watoto wawili na wajukuu wanne. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliopika na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake wote, na Erica, ambaye leo amekaa na wafiwa.

Geofrey alitaka msalaba uandikwe Muuguzi Mkuu, marehemu akamkataza mapema, akisema asizikwe na cheo cha mtu, kwa hiyo mtakaofika kaburini mtasoma neno moja chini ya jina lake, Mhudumu.

Pumzika kwa amani, dada, wazee wako leo asubuhi wameshageuzwa.