Bawabu wa Chombo cha Angani, na Chafya Iliyotudumisha

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa nane mchana, mvuta mlango wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Nimesema mvuta mlango. Kwenye faili la ofisi ameandikwa "msaidizi wa jukwaa, daraja la tatu", cheo kilichobuniwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga studio. Sisi tunamwita Bawabu.

Alikuja siku ya kurekodi sehemu ya kwanza kabisa ya tamthilia yetu ya televisheni, kutengeneza bawaba za mlango wa choo, akaombwa ashike kamba "kwa leo tu". Watazamaji wanaamini kwamba mlango wa chombo chetu cha angani hujifungua kwa mitambo ya karne zijazo. Mitambo yenyewe ni ubao uliopakwa rangi ya fedha, kapi mbili, kamba ya katani, na mtu aliyekaa nyuma ya ukuta juu ya ndoo iliyogeuzwa, akichungulia kwenye tundu alilolitoboa mwenyewe.

Mwaka huu wamejitokeza wajuzi wa kutueleza kwa nini tamthilia hii imedumu. Mmoja alikodiwa na uongozi. Akaja na picha za ukutani na nguzo saba za udumu: milipuko inayochorwa kwa kompyuta, nyota wenye mvuto, na takataka nyingine tano. Alimpita Bawabu mara sita bila kumsalimia.

Ngoja niwaambie ninachokijua mimi, niliyeajiriwa kuandika hadithi zake katika mwaka wa tisa. Mwaka huo, katika hadithi, Kamanda alikuwa akirudi chomboni peke yake, baada ya kumzika rubani wake kwenye sayari ya mawe. Alifika mlangoni. Mlango haukufunguka. Sekunde moja, mbili, tatu. Kisha ukafunguka taratibu. Mwongozaji aliipenda, akaiacha. Barua zikamiminika: chombo kinaomboleza! Mhakiki mmoja akaandika kurasa kumi na nne juu ya "kimya cha chuma mbele ya mauti". Nilizisoma zote, Mungu anisamehe.

Ilikuwa chafya. Bawabu aliiachia kamba ili azibe pua kwa mikono miwili.

Mtu mwingine angeomba radhi na kusahau. Yeye alizisoma zile barua, akaona kwamba ikiwa chombo kimeshaonekana kuwa na moyo, basi lazima mtu autunze. Akachukua chaki, akaandika nyuma ya ukuta: Kamanda, upesi, ila akiwa na msiba. Tabibu, upesi siku zote. Balozi, mcheleweshe, mwongo huyu. Tangu hapo tumebadilisha makamanda wanne na wakurugenzi sita, na sisi waandishi, tusio na haya, tumepeleka watu likizo kwenye sayari tulizokwisha kuzilipua. Chaki haikusahau. Hiyo ndiyo nguzo, na ni moja. Watu hawarudi kila wiki kutazama nyota zikipasuka. Wanarudi kwa sababu mle ndani kuna kitu kinachomtambua anayeingia.

Mimi niliiba tu. Niliandika "chombo kinasita" kwenye miswada isiyohesabika, nikapewa tuzo, iko sebuleni kwangu. Siku ile Bawabu alipiga makofi, kisha akarudi kwenye ndoo yake.

Mwaka juzi mkurugenzi tuliyenaye akafunga mota ya kuvuta mlango. "Mlango ni mlango tu," alisema. Mota ikawafungulia wote sawasawa, msaliti na tabibu, na siku ya nne ikambana Kamanda joho mbele ya kamera. Wiki ya tatu barua zilikuwa na neno moja: kimekufa. Bawabu akaitwa kutoka stoo alikohamishiwa. Alipoulizwa anataka nini ili arudi, alijibu, "Ndoo yangu. Nani kaichukua?"

Mkewe, fundi cherehani, ana malalamiko yake. Anasema mumewe hajawahi kufunga mlango wowote wa nyumbani. "Baba watoto, mlango!" Naye hujibu kutoka kitini, "Mama watoto, mwenzio nimetoka kazini."

Sasa mkurugenzi huyohuyo, ambaye ubishi haujamtoka, ametangaza kwamba Jumatatu mota inarudi na ukuta utapakwa rangi upya, pande zote mbili. Ile chaki nayo itafutwa. Nimemwambia na hapa narudia, ili kila mfanyakazi abaki na nakala: Jumatatu nitakuwa nimekaa kwenye ile ndoo. Akitaka kupaka rangi, anipake na mimi.

Uongozi umemnunulia Bawabu saa ya ukutani. Yeye aliomba kitu kimoja tu: kupita mlangoni. Miaka thelathini na mmoja hajaupita hata mara moja, kwa kuwa mtu hawezi kuvuta na kupita kwa wakati mmoja. Atapita Ijumaa. Kamba nitaishika mimi. Nimejizoeza wiki nzima, na viganja vinaniwaka.

Asante, Bawabu. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na milango itakayofunguliwa na wengine. Ukiingia, chombo kitafunguka upesi. Ukitoka, kitasita. Na safari hii haitakuwa chafya.