Bi Lubbertje Hainuki Mezani Kabla ya Kusoma

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, Bi Lubbertje Kramer anastaafu baada ya miaka arobaini na mmoja kwenye meza za kukatia minofu za kiwanda chetu cha samaki hapa Urk, Uholanzi. Nimeombwa niandike habari zake kwa ufupi, kwa uchangamfu, na ikiwezekana nisitaje Biblia. Kwa ufupi nitajaribu.

Kisu chake hamwazimi mtu. Wengi wetu ndiye aliyetufundisha kumfungua samaki bapa bila kuacha nyama kwenye mfupa, na wengi tulisemwa mpaka machozi yakatutoka kabla ya kuijua kazi.

Katika nyumba za mji huu chakula hakijaisha mpaka sura ya Biblia isomwe. Bi Lubbertje aliihamishia desturi hiyo kantini. Akimaliza mkate wake na jibini anafuta mikono, anafungua Biblia na kutusomea kwa sauti sura inayofuata. Haruki, wala hatafuti penye utamu. Siku moja waliingia wanunuzi kutoka Italia, naye amefika kwenye majina ya koo, fulani akamzaa fulani. Wageni wakadhani anasoma majina ya wavuvi wetu waliopotea baharini. Wakavua kofia na kuinamisha vichwa mpaka mwisho, na mmoja akafuta machozi. Sisi tulijiuma midomo, yeye hakupepesa jicho. Mwaka ule Waitalia walinunua samaki wengi sana.

Mimi si mtu wa kanisani na sijawahi kulificha hilo. Ndiyo maana nilimchunguza sana mwaka ambao mashua ya kaka yake Hessel haikurudi. Walipoacha kuitafuta, kesho yake alikuja kazini. Sura ya siku hiyo ilikuwa vipimo vya mapazia ya hema, naye alisoma dhiraa zote, pete zote, vitanzi vyote. Tulipokuwa tunanawa nilimuuliza kama imemfariji.

"Hata kidogo," alisema. "Nina ugomvi na Mungu, Geesje. Lakini nitagombana naye vipi kama nimemnunia?"

Jibu hilo limenikaa kooni tangu siku ile, na bado sijaweza kulitema.

Kisha akaja Bwana Roelof, meneja wetu wa sasa. Alitangaza kwamba kantini ni ya watu wote, wenye dini hii, dini ile na wasio na yoyote, kwa hiyo kusoma kwa sauti kukome. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Ila hao watu wote aliowatetea ni sisi, na hakutuuliza hata mmoja. Siku iliyofuata alimkuta Bi Lubbertje anafungua kitabu kama kawaida, akamwambia muda wa kula umekwisha.

"Sijasoma, mwanangu, kwa hiyo sijamaliza kula," alimjibu. "Ukitaka kunifukuza nifukuze, lakini utanifukuza nikiwa mezani."

Hakumfukuza. Alimwamuru awe anakula peke yake kwenye chumba cha baridi, mpaka achoke au astaafu. Bi Lubbertje alichukua mkate wake na koti lake zito akaenda. Tulimsikia nyuma ya mlango akiyasomea makreti ya samaki.

Nasi katika kusomewa tulikuwa tumemwacha Yusufu gerezani, mkuu wa wanyweshaji amemsahau. Zbyszek wetu wa Poland, ambaye hajawahi kufungua Biblia kwa mkono wake, alivumilia siku moja tu kisha akachukua koti lake akaenda kumsikiliza. Farida, Mwislamu, alimfuata akisema habari za Yusufu anazijua vizuri kuliko wote na lazima awepo mtu wa kusahihisha. Nami nikaenda, kwa hasira zaidi kuliko kwa imani. Wiki haikuisha, Bwana Roelof akawa anakula peke yake katika kantini ya watu wote. Jumatatu akafungua mlango akasema baridi ile itatuharibia afya, turudi. Hakuomba radhi, na Bi Lubbertje akaendelea na sura iliyofuata.

Nasikia sasa uongozi una matumaini kwamba akiondoka, mambo haya yatajifia yenyewe. Ijumaa kutakuwa na keki. Bi Lubbertje ameshaonya kwamba keki nayo ni chakula, basi wahusika wapange muda wao.

Asante, Bi Lubbertje, kwa kisu, kwa masimango, na kwa kila sura tuliyoisikiliza kwanza kwa kulazimika, kisha kwa kupenda. Tunakuombea miaka mingi ya mikono yenye joto, na huyo unayegombana naye asikose kukujibu. Kuhusu meza yetu usihangaike. Jumatatu tutakula, na hatutainuka mpaka mtu asome. Mtu huyo ni mimi, nisiyeamini, na nitaanzia pale ulipoishia.

Geesje Visser, meza ya pili