Rogath Kimaro na Mlingoti Uliokuwa Hauanguki

Tarehe 30 Juni 2003, Bwana Rogath Kimaro, mkaguzi wa majengo wa wilaya yetu ya Newala, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Tuliofanya kazi naye tunajua atakavyokipokea cheti chake cha pongezi: atakisoma mara mbili, kisha atakigeuza aone kama nyuma kumeandikwa kitu.

Alikuja mwaka 1974 kutoka Rombo, kijana mwembamba mwenye sanduku la mbao na sweta ambalo mwezi wa saba lilimfaa kuliko alivyotarajia. Hapa ndipo alipomwoa Mwalimu Valeria, na hapa ndipo alipozaliwa binti yao Sia, aliyempa jina tunalomwitia sote: Baba Sia. Shule, zahanati na nyumba nyingi za walimu kutoka Kitangari hadi Mnyambe zilipita mikononi mwake. Mafundi walilalamika kwamba hamwamini mtu. Ni kweli, hakuamini. Aligonga tofali, akatikisa mlango, akapanda juu ya dari mwenyewe.

Tabia hiyo hakuiacha kazini. Siku ya harusi ya dereva wetu Anselmo, Baba Sia alilizunguka turubai akitikisa nguzo moja baada ya nyingine kabla ya kugusa pilau. Mashangazi wa bibi harusi wakadhani ametumwa na upande wa pili kutafuta kasoro, wakamwekea mtu wa kumfuata. Alipomaliza alikaza kamba mbili, akanawa mikono, akala kama wengine.

Lakini kisa kitakachomfanya akumbukwe katika wilaya hii ni kile cha mitambo ya upepo.

Miaka ya tisini biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa korosho walifika na mizani zao mpaka vijijini, na maduka yakajaa vitu tulivyokuwa tukivisikia redioni tu. Mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini, Dastani Mkwera, akaleta mitambo midogo ya upepo ya kufunga nyumbani: mapanga matatu, mkia, na waya wa kushuka hadi kwenye betri ya gari. Watu wakaiita pangaboi la nje. Upepo tunao wa kutosha, hasa wanaokaa ukingoni mwa uwanda, na umeme wa jenereta ulikuwa wa kubahatisha. Msimu wa korosho ulipokwenda vizuri, milingoti ikaanza kuota juu ya mapaa.

Wa kwanza kufunga alikuwa Jafari Nalinga, wakala wa ununuzi wa korosho. Ili uwanja wake ubaki wazi kwa kuanikia, aliusimamisha mlingoti pembeni kabisa, karibu na chumba anacholala jirani yake Bi Ziada, Mama Rajabu, ambaye ni mjane. Jioni watu walijaa kwa Jafari kutazama televisheni. Wazee wengine walisema kitu kile kinafukuza mvua. Mama Rajabu hakusema habari za mvua. Alikuja ofisini akaeleza kwamba kila upepo ukivuma anausikia mlingoti ukilia juu ya kichwa chake.

Baba Sia alikwenda, akautazama, akamuuliza Jafari swali moja: ukianguka, utaangukia kwa nani? Jafari alidhani anaombwa chochote. Kesho yake akampelekea jogoo nyumbani. Mama Sia alimrudisha jogoo yule akiwa bado amefungwa miguu, pamoja na salamu nyingi.

Hapakuwa na sheria ya kumhamisha Jafari, wala ya kumzuia mwingine kufanya kama yeye. Halmashauri ikaagiza iandikwe sheria ndogo. Kabla hatujaanza, Dastani alikuja na rasimu yake tayari imepigwa chapa: kila mtambo ufungwe na fundi wake, kwa waya za kushikilia mlingoti kutoka dukani kwake, kwa ajili ya usalama wa wananchi. Baba Sia aliisoma, akauliza kwa nini usalama uwe na duka moja. Akaandika ya kwake. Mtu anunue anakotaka, afungiwe na fundi amtakaye, lakini mlingoti usimame mahali ambapo ukianguka upande wowote utaangukia ndani ya uwanja wa mwenyewe, na kabla ya msimu wa upepo wa kusi waya zinazoushikilia zikaguliwe.

Siku ya mkutano wa hadhara kila mtu alimshuku mwenzake. Mzee Ambrosi alisema leo tunaombea kibali upepo, kesho tutaombea jua. Wengine walinong'ona kwamba huyu mtu wa kuja ana hisa katika duka la mitambo huko Masasi, ndiyo maana anampiga vita Dastani, na wengi waliamini. Jafari akasimama akasema mlingoti wake ni imara, hauanguki, na wanaosema unaanguka wana wivu.

Baba Sia hakubishana naye. Alisema, "Ndugu yangu Jafari, kama hauanguki, basi kusi hii lala wewe na wanao chumbani kwa Mama Rajabu, naye alale kwako."

Mke wa Jafari alikuwa amekaa mbele na mtoto mgongoni. Alisema kwa sauti ndogo, lakini tuliokuwa karibu tulisikia sote: "Wanangu hawalali pale."

Rasimu ya Baba Sia ilipita. Jafari akaung'oa mlingoti, akausimamisha katikati ya uwanja wake, kwa hasira.

Julai ya mwaka huo, kabla ukaguzi wa waya haujaanza, kusi ilivuma kwa nguvu, na mchana mmoja mlingoti wa Jafari ukaanguka. Uliangukia banda lake mwenyewe la kuku. Mama Rajabu alikuwa chumbani kwake akipepeta unga wa muhogo. Alitoka nje na ungo mkononi, akasimama kutazama.

Ungedhani mambo yangeishia hapo. Jafari alisema Baba Sia ndiye aliyelegeza waya, ili aonekane alikuwa na haki. Habari ikapanda basi, ikafika Tandahimba kabla ya sisi wa ofisini kuisikia. Baba Sia alikwenda kwa mkurugenzi akaomba yeye mwenyewe asiliguse jambo lile, aitwe mkaguzi kutoka Masasi. Mkurugenzi alimwambia hakuna anayemshuku. Akajibu, "Mimi mwenyewe ningejishuku."

Aliyekuja alikuwa Bwana Selestini, mtu mpole wa Lukuledi. Mbele ya watu alifukua vigingi vilivyofungiwa waya, akavikuta vimekaza. Hakuna kilicholegezwa. Waya ndio uliokatika katikati, na alipokwangua rangi yake ya fedha, chini yake palikuwa na kutu tupu. Ulikuwa waya wa zamani uliopakwa rangi, na ulitoka dukani kwa Dastani. Kama rasimu ya Dastani ingepita, kila mwenye mtambo wilayani angelazimika kununua waya ule.

Jafari na Baba Sia walikwenda dukani pamoja. Dastani alisema naye aliuziwa hivyohivyo Dar es Salaam. Huenda ni kweli. Baba Sia hakuamini siku ile na hajaamini mpaka leo, ila aliridhika mizingo ya waya ule ilipoondolewa rafuni akiiona. Jafari hakumwomba radhi kwa mdomo. Lakini aliponunua waya mwingine, alikuja nao begani mpaka ofisini, akauweka miguuni pa Baba Sia, akasubiri aukague ndipo akaufunge.

Baba Sia harudi Rombo. Amejenga hapahapa, ukingoni, na mwezi uliopita aliomba kibali cha mtambo wake mwenyewe. Ombi lilimfikia Bi Oliva, anayeshika nafasi yake na ambaye Baba Sia mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Sote tulitarajia apige muhuri tu. Oliva alichukua tepu, akaenda, akapima, akamkatalia: mlingoti ukianguka kusini ungefika jikoni kwa jirani. Baba Sia alibisha. Alikwenda akapima mwenyewe, akarudi, akajaza ombi jipya. Wakati wa chai alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Sasa naweza kwenda."

Baba Sia, asante kwa majengo yaliyosimama, na asante zaidi kwa yale uliyoyakataa. Asante kwa usingizi wa Mama Rajabu, na wa wengi wasiojua kuwa uliwahi kupita kwao. Wewe na Mama Sia tunawatakia ustaafu wenye afya, upepo wa wastani na majirani wema. Karibu ofisini siku yoyote. Viti vitikise kwanza ukipenda.

Yuliana Nampoto,
kwa niaba ya wafanyakazi wenzako wa Idara ya Ujenzi