Binti Asiyepiga Hodi

Asalaam aleikum, ndugu zangu, na kwa wasioitikia hiyo, habari za asubuhi. Mwenyekiti ameniomba nisimame, nami nisimulie nilivyoanguka. Nasimama kwa furaha, maana madawati haya ya darasa la pili yalitengenezwa kwa magoti ya watu wengine.

Dada aliyenitangulia amesimulia kuku wake waliokufa wote kwa wiki moja. Pole sana, dada. Mimi kilichonifia hakikuacha hata supu. Lilikuwa gemu la simu. Naona wazee wangu wawili huko nyuma wanatazamana. Ndiyo, gemu, lile mnalowanyang'anya wajukuu wakati wa kula. Mtu mzima mwenye mvi na digrii mbili ameanguka kwa ajili ya gemu, na leo anasimama mbele yenu bila aibu. Aibu nilikuwa nayo. Nimeitumia yote, imekwisha.

Kazi yangu ni kuandika makala. Naandika juu ya vitabu, muziki, na zaidi ya yote magemu, ambayo nimeyacheza tangu chuo kikuu, wenzangu walipokuwa wakisoma. Kila Jumamosi mchana tulikutana marafiki wanne katika saluni ya mmoja wetu, kinyozi wa hapa hapa Bagamoyo. Ana televisheni kubwa ukutani na mashine ya magemu chini yake. Shughuli yetu ilikuwa kuhukumu. Hili limetangazwa miaka mitatu, limetoka nusu. Lile picha nzuri, hadithi hamna. Studio fulani ya ng'ambo imepunguza wafanyakazi, nasi tunatikisa vichwa na kusema tulijua tu. Mteja aliyekuja kunyolewa alisubiri mpaka hukumu itoke.

Nawaambieni, hakuna raha kama kulaumu kazi ya mtu usiyemjua. Niliwahi kuandika kuhusu gemu la studio moja ndogo, ya watu watatu tu, kwamba "walioitengeneza kazi hii wana ujasiri mkubwa wa kutojua wanachofanya." Niliisoma sentensi hiyo pale saluni, nikapigiwa makofi. Nikairudia.

Siku moja kinyozi akaniuliza kwa nini mimi ninayejua kila kosa sitengenezi gemu langu. Alikuwa akitania. Mimi nikaenda nyumbani nikiwaza, na mtu wa umri wangu akianza kuwaza hivyo, familia yake ingefaa kuingilia kati.

Tukaanzisha studio, tukawa watatu. Wa kwanza fundi wa kompyuta, mmoja wa wale wanne wa saluni. Wa pili dada mmoja mchoraji, mwalimu, aliyeacha kazi ya kufundisha kwa sababu mimi nilimwambia aache. Hilo naomba mlishike. Studio ikifa, mimi ningerudi kwenye makala zangu, na fundi hakosi kazi. Yeye nafasi yake shuleni ilikuwa imeshachukuliwa. Wa tatu ni mimi, mwenye maneno. Tukapanga chumba juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi, tukapigilia kibao cha studio juu ya mlango.

Gemu letu lilikuwa la binti anayemtafuta kaka yake aliyepotea, kuanzia vichochoro vya mji mkongwe, apite Msata, apite Miono, mpaka Saadani. Picha zilikuwa nzuri kweli. Yule dada alichora hata kutu ya mabati. Binti anaingia nyumba hii, anafungua makabati, anavunja mitungi, anachukua funguo na barua, anatoka, anaingia nyumba ya pili. Ndivyo yalivyo magemu tuliyokulia, na sisi tulitaka letu liwe gemu la kweli.

Likatoka. Siku za kwanza kimya. Halafu watu wakaanza kuandika maoni. Mmoja kasema picha zimemvutia, lakini hakujali kama huyo kaka atapatikana. Mwingine kasema amelifuta ili apate nafasi ya picha za harusi ya binamu yake. Kinyozi akawa anayasoma kwa sauti mbele ya wateja. Nilipoingia Jumamosi ile, akanitazama kwenye kioo bila kugeuka.

"Profesa, gemu lako nimelicheza nusu saa nzima," alisema. "Halafu nikaona bora nifagie saluni."

Waliokuwepo wakacheka mpaka mwenye povu kidevuni akaomba wembe uwekwe chini kwanza. Na katika yale maoni lilikuwemo moja lililoninukuu mimi mwenyewe, neno kwa neno: wana ujasiri mkubwa wa kutojua wanachofanya. Sijui aliyeliandika ni nani. Popote alipo, nampa haki yake.

Fundi akapata kazi Dar, akaondoka. Mimi nikajificha. Ndugu zangu, mtu anayejificha katika mji mdogo ana kazi kubwa. Nilikuwa naenda Msata kununua nyanya, ilhali nyanya ziko sokoni kwetu, kwa sababu kule njia panda, katikati ya malori, hakuna aliyenijua. Mke wangu nilimwambia naandika kitabu. Akauliza kurasa ngapi. Nikasema bado kinakomaa.

Mchoraji aliendelea kwenda kwenye kile chumba kila asubuhi, peke yake. Nikamwandikia ujumbe kwamba tumeshindwa, tufunge, ashushe kibao. Akajibu, "Kibao kiko juu, sikifikii. Njoo ukishushe mwenyewe."

Nikaenda, na bisibisi mfukoni. Nikamkuta ameketi na shangazi yake, mama mkavu wa maneno anayekausha na kuuza samaki Saadani, aliyekuja mjini kwa shughuli zake. Shangazi ameshika simu, anacheza gemu letu. Nikamwamkia, shikamoo shangazi. Marahaba, akasema, bila kuinua macho. Akacheza kidogo, akaiweka simu mezani kama anayerudisha samaki aliyeoza.

"Huyu mtoto ana wazazi?"

Nikamweleza kwamba anao, ila hadithi yao inakuja mbele.

"Mbona hapigi hodi?"

Nikacheka. Nikamweleza kwa upole, kama ninavyowaeleza wasomaji wangu, kwamba katika magemu ndivyo ilivyo. Mchezaji anaingia popote, ni desturi.

"Desturi ya nani?" akasema. "Kaingia kwa watu, mlango kausukuma. Kafungua kabati la mama wa watu. Kavunja mtungi, na mtungi haukumkosea kitu. Bibi kakaa pale barazani, kampita kama nguzo. Huyo kaka yake nisingemwambia alipo hata kama ningekuwa nimemficha chini ya kitanda changu."

Mchoraji alikuwa ananitazama. Nikiwa na miaka saba nilichapwa na mama yangu kwa kuingia kwa jirani kimya kimya, na nilichapwa tena na jirani mwenyewe. Wote watatu tumezaliwa pwani hii. Kwa miaka miwili tulitengeneza mji wetu, tukapatia kutu ya mabati, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba tumemlea binti asiye na adabu. Watu hawakuchoka na gemu. Walikuwa hawampendi huyo mtoto, na hawakujua kwa nini.

Ile bisibisi niliirudisha nyumbani.

Nikampigia fundi. Akasema atakuja Jumamosi kuona tu. Alipofika akafungua kompyuta kabla hajavua viatu. Tukaanza upya, na kanuni tuliyoifuata mnaijua wote humu ndani. Unasimama mlangoni. Unapiga hodi. Unasubiri. Ukipiga ya tatu bila jibu, unaondoka zako, hata kama unajua barua unayoitafuta imo ndani. Mzee usipomwamkia vizuri atakujibu, lakini atakwambia machache. Tukarekodi sauti za majirani: karibu; subiri najitanda kanga; mwenyewe hayupo, njoo baada ya alasiri. Bibi wa duka la chini alitupa sauti nane na akakataa tuchague, akataka zote zitumike. Zimetumika zote.

Tulipokuwa karibu kumaliza, hatukuwa tena na uwezo wa kubaki na kile chumba. Wakati huo huo akaja bwana mmoja kutoka kampuni ya Dar inayosambaza magemu. Mtu mstaarabu, simsemi vibaya. Alizipenda picha. Alikuwa tayari kulichukua gemu, kulitangaza, na kumwajiri mchoraji moja kwa moja. Sharti lilikuwa moja: tuondoe hodi. Mchezaji wa leo, alisema, ukimsimamisha mlangoni anakuacha.

Nikamgeukia mchoraji. Yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza, sikuwa na haki ya kuwa shujaa kwa gharama yake. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la mtandio wake.

"Kaka, wewe leo umepiga hodi hapa," akamwambia. "Nilikuwa natafuta kiatu changu. Ukasimama nje. Ulichoka?"

"Nilichoka kidogo," yule bwana akakiri.

"Ukaondoka?"

Akatabasamu, akasema hapana, alitaka kujua kuna nini ndani.

"Basi na wao watasubiri. Hodi haitoki."

Yule bwana akaondoka na mkoba wake. Mwisho wa mwezi tukakitoa chumba. Studio ikahamia sebuleni kwa mchoraji, meza mbili na feni moja inayogeukia upande anaoutaka yeye.

Msidhani nimetajirika. Shati hili mnalijua. Lakini gemu lilitoka mara ya pili, na watu wanalicheza. Mama mmoja wa Miono alituandikia kwamba amelicheza na mama mkwe wake, na kwamba mama mkwe huitika "karibu" kila hodi inapopigwa, hata akiwa jikoni. Shule mbili zimemwomba mchoraji azitengenezee kazi. Anazifanya kwa jina la studio. Kwa mkuu wake wa shule wa zamani hajawahi kwenda kuomba chochote.

Namshukuru shangazi, aliyetukana kazi yangu kwa faida yangu. Namshukuru fundi, anayetoka Dar kila Jumamosi. Namshukuru mke wangu, aliyejua toka siku ya kwanza kwamba hakuna kitabu na akaendelea kunipikia. Na huyo dada mchoraji, aliyekataa kushusha kibao: mimi namwita mkurugenzi sasa, na simwiti kwa utani.

Funzo langu ni dogo. Mlioanguka kama mimi, msikimbilie kuuliza wakubwa wanafanyaje. Mkalisheni mbele ya kazi yenu mtu asiye na sababu ya kuwapendeza, halafu mfunge midomo. Na mkishajua kosa lenu liko wapi, rekebisheni hilo, na mengine mnayoyaamini msimwachie mtu awaondolee.

Rafiki yangu kinyozi bado anasema gemu linachosha. Anasema safari ya kwenda Miono ni ndefu mno, mtu anatembea, anatembea, anakutana na mbuzi tu. Ametuandikia hayo hadharani, na jina lake kaliweka. Tulikutana sebuleni watatu, tukalijadili kwa heshima zote. Njia ya Miono ni ndefu. Hatuifupishi.