Nyekundu ya Fundi Brashi

Benchi lililo nje ya duka la rangi lina miguu mitatu na tofali, na kila alasiri hubeba watu walewale: Spana, fundi wa magari, Mwalimu, aliyestaafu kazi ya kufundisha sayansi ila hajastaafu kufundisha, na Brashi, fundi rangi kwa miaka ishirini na miwili sasa. Siku hiyo Brashi alifika mapema, mikono mikavu. Alikuwa amesimamishwa kazi. Mvua ilibandua lebo za makopo, naye akaupaka mlango wa zahanati kijani badala ya nyekundu. Msimamizi akampeleka kwa daktari wa macho, akaonyeshwa kadi ya vidoadoa vya rangi. Kila mtu mle chumbani aliona tarakimu. Yeye aliona vidoa tu.

— Siombi radhi, alisema, akipokea kikombe kwa muuza kahawa wa kando ya benchi. Macho haya yamepaka nusu ya mtaa.

Mwalimu akaeleza kwamba nyuma ya jicho kuna seli za aina tatu za kupokea rangi, na huenda aina moja ya Brashi ina hitilafu. Spana akasema hayo ni mambo ya redio tu, masafa yamesogea kidogo. Alipobishiwa, akazidisha: rangi hazipo kabisa, ni njama ya wenye viwanda, ndiyo maana taa zikizimwa gerejini magari yote huwa meusi.

Brashi hakucheka. Tangu utotoni alijua, na tangu utotoni alificha. Hata mkewe hakuwahi kumwambia. Leo alichoka kuficha.

— Ni kweli, alisema. Nyekundu na kijani kwangu ni pacha. Na sikuwahi kukosea ukuta hata mmoja mpaka lebo zilipotoka. Kesho naripoti kazini, vifuniko vya makopo naviandika majina ya rangi mwenyewe kabla lebo hazijatoka. Anayetaka kunifukuza anifukuze mbele ya watu.

Spana akampa pole, akasema kumbe rafiki yao anakosa mengi.

Muuguzi wa zahanati, aliyesimama hapo kununua kahawa, akageuka.

— Anakosa nini? Hiyo nyekundu ikoje?

Mwalimu akataja damu. Spana akataja taa ya breki.

— Hivyo ni vitu, alisema muuguzi. Nauliza rangi. Ikoje?

Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga. Spana akachungulia kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Brashi aliwasubiri wote wawili, bila haraka, akamaliza kahawa yake, kisha akaingia dukani kununua kalamu nene ya wino mweusi.