Mena Zurfluh na Nyumba Saba za Hinterried

Habari za asubuhi, wasikilizaji wapendwa. Habari zenu mlioko zizini, mlioko jikoni, na nyinyi mlioko njiani na maziwa. Mimi ni Leonz Truttmann, na leo tunamkumbuka Philomena Zurfluh, ambaye bonde zima lilimwita Mena.

Mena amefariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake Hinterried, akiwa na miaka themanini na miwili. Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi: Mena Zurfluh, msimamizi wa uwanja wetu wa shabaha kwa miaka thelathini na minane, ametutoka Jumanne.

Hakuteseka. Binti yake, Bernadette, ameniambia hivi: "Mama alikuwa amemenya viazi vya mchana. Akaniambia, nakaa kidogo. Akakaa. Nilipogeuka, alikuwa amekwenda. Nimelia, Leonz, lakini moyo wangu umetulia. Aliogopa sana kulala kitandani miezi mingi, na Mungu kamwepusha."

Tushukuru kwa hilo.

Mena alizaliwa hapahapa, binti wa mfuga ng'ombe. Baba yake alimfundisha kulenga akiwa na miaka kumi na minne. Alipofika ishirini na mmoja akaenda kwenye chama cha walenga shabaha kuomba uanachama. Wanaume wakacheka. Wakamwambia, "Binti, kahawa iko kule, hebu tusaidie."

Mena akapika kahawa. Jumamosi ya kwanza ilikuwa chungu kama dawa. Jumamosi ya pili ilikuwa na chumvi. Ya tatu sitaki hata kuisema, maana kuna watu wanakunywa chai. Mwenyekiti wa wakati ule akamwuliza, "We mtoto, unataka kutuua?"

"Nataka mniandikishe," Mena akajibu. "Mkiniandikisha, mtakunywa kahawa nzuri."

Wakamwandikisha. Mwaka uleule aliwashinda wote na kuvikwa shada la ushindi. Na kahawa? Ilikuwa nzuri kweli.

Sasa niwaambie kwa nini leo sauti yangu si imara. Nimesoma tanzia nyingi kwenye kipindi hiki. Lakini bila Mena, nisingekuwa na moyo wa kusoma hata moja.

Mnaujua uwanja wetu. Banda la walengaji liko upande huu wa kijito, shabaha ziko ng'ambo, mita mia tatu, chini ya tuta la udongo. Katikati ni malisho ya watu. Kuzunguka uwanja kuna nyumba saba. Sheria ilidai jambo moja tu: pandisha bendera nyekundu, watu wajue risasi zinakuja. Kwa Mena hiyo haikutosha. Kila Jumamosi, kabla ya bendera kupanda, alipiga simu nyumba zote saba.

"Mena hapa. Mko wangapi ndani?"

"Wanne, Mena. Na paka nimhesabu?"

"Paka ana akili zake. Mumeo je?"

Watu walimcheka. Walimwita Mena Sensa. Yeye akacheka nao, kisha akapiga nyumba inayofuata.

Nyumba ya saba ilikuwa ya Meinrad Bissig. Meinrad alituchukia. Alisema milio yetu inawatisha ng'ombe wake, maziwa yanapungua. Aliandika barua kwa serikali ya kijiji hadi karani akawa anaujua mwandiko wake kwa mbali. Siku za tamasha alimwaga samadi mbichi pembeni mwa njia ya kuja bandani. Na Mena alipompigia, Meinrad aliinua simu, akasikiliza pumzi moja, akakata. Miaka tisa, bila neno. Anainua, anakata.

Wenzetu walimwuliza Mena, huoni aibu kukatiwa simu kila wiki? Akasema, "Aibu ya nini? Akikata, najua yuko nyumbani."

Sasa tufike Juni ya mwaka elfu moja mia tisa tisini na moja. Tamasha la bonde zima. Vijiji tisa vilikuja Hinterried. Soseji zilikuwa motoni, bendi inapiga matarumbeta. Mwaka ule tulikuwa tumepata shabaha mpya za umeme. Zamani watu wawili walikaa handakini chini ya shabaha, wakionyesha risasi imegonga wapi. Sasa alama zilikuja zenyewe kwenye kioo. Ng'ambo ya kijito hakukuwa na mtu.

Hivyo ndivyo tulivyodhani.

Kura iliangukia kwangu kufungua. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nililala kifudifudi kwenye nafasi ya nne, bunduki begani, nikingoja bendera.

Mena alikuwa kwenye simu. Nyumba sita zilijibu. Akapiga ya saba. Ikaita. Ikaita tena. Hakuna aliyeinua.

"Leo hajanikatia," akasema.

Mwenyekiti wetu, Xaver Planzer, alikuwa na wageni wake wamesimama nyuma yake wakitazama saa. "Mena, achana naye. Anafanya makusudi atuharibie siku. Pandisha bendera."

"Hajanikatia, Xaver."

"Miaka tisa anakukatia hulalamiki, leo hakukatii ndipo unalalamika?"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka, wasikilizaji wapendwa, sitawaficha. Nikasema nikiwa palepale chini, "Mena Sensa, kosea hesabu leo, tuanze!"

Mena akaweka simu chini. Akaja mbele ya mstari, akasimama mbele ya bunduki zetu na kusema, "Toeni risasi. Wekeni bunduki chini. Kila mtu, na wewe Leonz." Kisha akaikunja bendera, akaiweka kwapani, akaondoka nayo kuelekea kijitoni. Bila bendera hakuna risasi. Planzer alibaki ameshika kamba tupu.

Tulimwona akivuka daraja la mbao. Tukamwona akipita malisho. Tulikuwa bado tunatania. Halafu akageuka upande wa shabaha, akaanza kukimbia. Mena alikuwa na miaka arobaini na minane na goti bovu. Hakuwa mtu wa kukimbia.

Tukainuka kutazama. Bendi nayo ikaacha kupiga, sijui nani aliiambia.

Meinrad Bissig alikuwa kule. Alikuwa amefuata mtamba wake aliyeruka ua, akateleza kwenye mawe, mguu ukanasa na kuvunjika sehemu mbili. Alikuwa vichakani, hatua chache kutoka shabaha ya nne. Alipiga kelele, lakini nani angemsikia na kijito kile, na kengele za ng'ombe, na matarumbeta yetu? Basi aliunasua mguu, akaanza kujikokota kwa viwiko aende mahali peupe, aonekane. Na mahali peupe palikuwa mbele ya shabaha ya nne.

Shabaha ya nne. Ilikuwa yangu.

Nilipofika mbio na wenzangu, Mena alikuwa amepiga magoti, amekiweka kichwa cha Meinrad mapajani. Meinrad alikuwa mweupe kama jibini changa. Wote wawili walikuwa wanagombana.

"Umechelewa," Meinrad alisema.

"Hukupokea simu."

"Ningepokeaje nikiwa huku, we mwanamke?"

"Basi siku nyingine ukivunjika, vunjikia karibu na simu."

Meinrad akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Planzer alikaa chini kwenye nyasi na kuvua kofia. Mimi nilimshika Meinrad mkono na sikuuachia hadi tulipomfikisha kwenye gari, tukiwa tumembeba juu ya mlango wa zizi. Mkono wake ulikuwa na joto. Sijawahi kufurahia joto la mkono wa mtu kiasi kile.

Tamasha lilianza saa mbili baadaye. Nilipata alama mbovu kuliko walengaji wote wa vijiji tisa. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Ilikuwa majira ya kukata na kuanika nyasi za ng'ombe, na Meinrad yuko kitandani. Jumatatu tukaenda kwake watu kumi na sita, na reki zetu. Mena alikamua ng'ombe wa Meinrad asubuhi na jioni kwa wiki saba. Kutoka kitandani kwake dirishani, Meinrad alitusimamia kwa matusi. "Planzer! Hiyo ni reki au kijiko cha supu?" Planzer alijibu "Ndiyo, Mzee," akaendelea.

Msidhani Meinrad alijiunga na chama. Hakupenda milio yetu, na hapendi hadi leo. Lakini walikaa chini, yeye na Mena, wakakubaliana: mwisho wa kufyatua risasi ni saa kumi jioni, kabla ya kukamua, na ukuta wa mbao upande wa zizi lake. Tuliujenga pamoja. Barua zikakoma. Karani alisema amezikumbuka.

Miaka thelathini na minne imepita. Nimeoa, nimelea, nimelala usingizi wangu. Ningeweza kuwa mtu mwingine kabisa, na mnisamehe, sitaki kumfikiria mtu huyo.

Kwa Bernadette, kwa wajukuu, na kwa ukoo wote wa Zurfluh: poleni sana. Bonde zima liko nanyi. Mazishi ni Jumamosi saa nne asubuhi, kanisani Hinterried. Narudia, Jumamosi saa nne. Uwanja utafungwa siku hiyo.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Yuko nani tuliyemcheka kwa uangalifu wake, kumbe uangalifu huo ndio uliotulinda? Kama yu hai, mtembelee wiki hii.

Jana nilikwenda kwa Meinrad. Ana miaka themanini na tisa. Nilimwuliza nimsemee nini hewani. Alitazama mikono yake. Kisha akasema, "Mwambie asante. Mimi nilimpelekea siagi kila Krismasi, lakini neno lenyewe sikuwahi kulisema."

Mena, Meinrad anasema asante.

Na mimi pia.