Doa la Bibo na Koti la Daktari

Alhamisi asubuhi, mbele ya kibanda cha kuchajia betri pale Nachingwea, kahawa ya Mwamini ilikuwa imeshachemka mara mbili, na kanzu mpya ya Bashiri imelala juu ya benchi kama mgonjwa aliyezungukwa na ndugu. Kesho, baada ya swala ya Ijumaa, Bashiri angemwoza binti yake wa pekee, Samia, kwa kijana wa Ruangwa. Jana aliivaa kanzu hiyo kutoka kwa fundi, akapitia shambani. Na mtu wa huku hapiti chini ya mkorosho bila kuinama kuokota. Bibo likampasukia kifuani. Kulipokucha, doa lilikuwa na rangi ya kutu, pana kama kiganja. Sabuni ilishindwa. Samia hakuambiwa.

— Doa la bibo linatoka lenyewe msimu wa mabibo ukiisha, — alisema Mwamini akimimina kahawa. — Ozesha mwezi wa pili.

— Mwamini, nimeshachinja mbuzi!

— Basi kanzu apewe mbuzi.

Faridi, mwenye kibanda, ambaye wote walimwita Volti, aligonga kikombe.

— Dawa ya moto ni moto. Doa kali, dawa kali. Asidi ya betri ninayo hapa, dumu zima.

— Peke yake itatoboa, — alisema Harithi. Huyu alifagia zahanati miaka miwili, na tangu hapo akaitwa Daktari. Koti lake la kijivu halikuwahi kumtoka mwilini, kiangazi wala masika. — Tia chumvi kwanza, ipoze. Na pamanganeti, ile dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda. Inaua kila kitu.

— Doa si mdudu, Daktari.

— Umeliuliza? Mgeni njoo, mwenyeji apone! Pamanganeti ndiye mgeni.

Bashiri alikuna kidevu. Moyo ulikuwa unasitasita.

— Zote kwa pamoja?

— Umoja ni nguvu, — alisema Volti. — Kwani dawa za mikorosho huzichanganyi kwenye bomba moja? Umekufa?

Chumvi ya Mwamini na pamanganeti ya Daktari vikamiminwa kwenye beseni, Volti akafungua dumu.

— Akoroge mwenye kanzu, — Daktari alisema, akasogea nyuma hatua tatu.

Bashiri alipiga magoti. Kifua chake cha pumu kilianza kupiga mluzi kabla hata ya kuinama.

— Baba!

Samia alikuwa amesimama njiani, mikono juu kama mtu aombaye dua. Hina ilikuwa haijakauka. Asingeweza kushika kitu. Aliitazama kanzu, beseni, kisha dumu.

— Mzee Faridi, funga hilo dumu.

Volti akalifunga.

— Chumvi peke yake ni ya mboga, — Samia alisema polepole. — Pamanganeti peke yake ni ya kidonda. Shuleni tulifundishwa: zikikutana ndani ya asidi zinatoa hewa ya kijani, klorini. Inachoma mapafu, hata ya mzima. Baba, wewe unatembea na dawa ya kuvuta mfukoni. Ukianguka hapa, kesho nani ataniozesha?

Daktari alifungua kinywa.

— Kitabibu...

Volti akamkanyaga mguu.

Bashiri aliinuka akijipangusa magoti, macho chini.

— Nilitaka nikupendezee, mwanangu.

— Utanipendezea ukiwa unapumua. Mzee Harithi, koti lako linafunika kifua?

— Hili? Linafunika, lakini...

— Basi doa limetoka. Mwazime baba.

Daktari alifungua kifungo kimoja, akasita, akamtazama Mwamini, akafungua cha pili. Ndani hakukuwa na shati. Ilikuwa singlendi tu, na matundu yake yalizidi nyuzi.

— Kumbe! — Volti alipiga makofi. — Masika na kiangazi, kumbe!

Bashiri akalivaa koti juu ya kanzu. Lilimbana mabegani na kunuka kahawa, lakini doa halikuonekana. Alicheka hadi akaishika dawa yake ya kuvuta.

Samia hakucheka. Aliuliza kwa upole:

— Na wewe, Mzee Harithi, kesho utakuja harusini umevaa nini?

Daktari aliwatazama wenzake, mmoja mmoja. Kila mmoja akatazama kikombe chake.

— Mwamini, — alisema mwishowe, — nipe kahawa.

Mwamini aliinamisha birika. Halikutoa hata tone.